Jani la Mgomba Juu ya Pikipiki

Mwanangu, leo asubuhi nimesikia pikipiki ikikohoa pale chini barabarani, na ikanirudisha mbali. Kijana wa jirani aliipiga kiki, ikakohoa, ikanyamaza. Akaipiga tena, akaitukana, kisha akamtukana na aliyemuuzia. Mimi nilikuwa bado kitandani, blanketi limenifika masikioni, maana baridi hii ya mwezi wa saba hapa Meru haina heshima kwa mzee. Nikacheka peke yangu. Mke wangu akaniuliza kutoka jikoni, "Unacheka nini na chai bado haijaiva?" Nikamwambia naikumbuka ile asubuhi ya ukungu. Hakuuliza ni ipi. Tumeishi na asubuhi hiyo nyumbani kama mtoto wetu mwingine.

Sogea karibu na moto basi, mjukuu wangu. Nimesikia kwamba unajiandaa kwenda kuposa, na kwamba umenunua vitu vingi hadi mama yako amekosa mahali pa kuketi. Zawadi ni njema, mkono mtupu haulambwi. Lakini kabla hujafunga mizigo yako, nikusimulie jinsi nilivyofunga wangu vibaya.

Usinitazame hivyo. Mguu huu unaouona umenyauka, zamani uliipiga kiki pikipiki ya chuma kizito, si hizi zenu za leo zinazowashwa kwa kidole. Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, Wazungu wakiwasaka wapigania uhuru msituni. Nyinyi mmeisoma shuleni. Sisi tuliilala na kuiamka. Kutoka wilaya moja kwenda nyingine ulihitaji pasi, na jua likizama barabara haikuwa yako tena. Watu wengi walitolewa mashambani kwao wakahamishiwa vijijini, nyumba zimebanana, handaki limezunguka, na walinzi wamesimama langoni. Hata kuwakusanya wazee wachache wanywe pombe ya posa kulihitaji ruhusa ya chifu. Likumbuke hilo la ruhusa, kwa sababu ndilo lililonikaba koo.

Nilikuwa nimeajiriwa na hospitali ya misheni kupeleka dawa. Daktari wetu alikuwa na pikipiki, na baada ya pikipiki hiyo kumwangusha mtoni akaona afadhali imwangushe mtu mwingine, akanifundisha mimi. Nikawa nasambaza makasha ya dawa katika zahanati zao zote, kutoka Nyambene kwetu mpaka upande wa Embu. Na huko Embu, katika zahanati moja karibu na Runyenjes, ndiko nilikomkuta Wawira akichemsha sindano.

Aliniona nilivyojaa vumbi, akasema kwa Kiembu, "Weka dawa mezani, kisha utoke nje ujikung'ute. Hapa ni mahali pasafi." Basi, nikatoka nikajikung'uta. Kimeru chetu na Kiembu chao ni kama ndugu waliogombana kidogo, tulielewana, na palipotushinda tulitumia Kiswahili cha misheni. Tangu siku ile nilipeleka dawa kule hata kama kabati lao limejaa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Daktari aligundua kabla yangu, akanung'unika juu ya petroli, lakini hakunikataza.

Baba yake Wawira alikuwa Mzee Njeru, mtu wa maneno machache na ndevu nyingi. Nilipojikaza nikamweleza haja yangu, alifumba macho mpaka nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Kijana wa Meru, sikukatai. Njoo na mzee wenu, mlete kile ambacho kwenu huletwa. Mimi nitakwenda kwa chifu kuomba ruhusa ya kuwaita ndugu zangu. Lakini kwenda kwa chifu siku hizi si kwenda sokoni. Nitaomba mara moja tu. Usipofika siku hiyo, sitarudi kumsumbua chifu, na wewe usirudi kunisumbua mimi." Ruhusa ikapatikana, ya siku moja, mwisho saa nane mchana. Baada ya hapo kila mzee awe amerudi kwake.

Kwetu Nyambene, posa hupelekwa na ncoolo. Nyinyi wa mjini huenda mmeisahau. Ni kitita cha miraa iliyochaguliwa vizuri, kimefungwa kwa ustadi ndani ya majani ya mgomba, na anayekibeba ni mzee atakayesema kwa niaba ya kijana. Ikifika mbichi, nyumba ya kijana imewaheshimu wakwe. Ikifika imenyauka, afadhali msingekwenda kabisa. Kwa hiyo kila mtoto wa kwetu anajua kufunga jani kabla hajajua kufunga kifungo cha shati.

Mzee wangu alikuwa mjomba M'Ikiara, kaka wa mama yangu. Alikuwa hajawahi kukalia kitu chenye injini. Asubuhi ya kuondoka, siku moja kabla ya ile ya ruhusa, kule kwetu Laare kulikuwa na baridi kali, na pikipiki ilinisumbua kidogo kuwaka, nami nikaweka moyoni kwamba chuma hiki kinaumia kwa baridi. Ilipowaka, mjomba akapanda nyuma na kofia yake, blanketi mabegani, ncoolo ameikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Njia nzima, kwenye kila kona, alinifinya mbavu. Tuliposimama Makutano kutia petroli, alishuka, akapapasa miguu yake, akasema, "Bado ipo."

Mbele ya Nkubu tulikuta kizuizi. Askari walitazama pasi zetu, zikawa sawa, lakini mmoja wao, kijana kama mimi, akakitazama kile kitita kwa jicho baya. Siku zile risasi zilisafiri ndani ya vitu vya ajabu. Akachomoa kisu akitaka kukipasua.

"Mwanangu, usikate," mjomba alimwambia kwa upole. "Huyo ni mke wa kijana huyu. Nitafungua mwenyewe."

Akakaa chini kando ya barabara, akafungua jani moja moja, bila haraka, huku akimweleza yule askari kila jani lina kazi gani. Mwisho askari akawa ndiye anayemshikia majani. Hakukuwa na kitu ila miraa, na tukaruhusiwa kupita. Lakini muda ulikuwa umekwenda, na majani mengine yalikuwa yamechanika. Nilikuwa nimekusudia tufike Runyenjes jioni hiyo. Jua likatuwahi tukiwa tumevuka Chuka kidogo, na hakuna mtu mwenye akili aliyekuwa barabarani baada ya jua.

Hapo juu, karibu na msitu, palikuwa na zahanati nyingine ya misheni, na mama aliyekuwa akiitunza alinifahamu. Akatupa chumba na moto. Mjomba akaomba majani mabichi kutoka mgombani nyuma ya jiko, akaifunga ncoolo upya, akaiweka pembeni mbali na moto. Yakabaki majani mengi. Na mimi, mwanangu, nikayatazama yale majani, kisha nikaitazama pikipiki nje, imesimama peke yake, ukungu umeanza kuishukia. Nikaionea huruma. Usicheke. Ilikuwa imenibeba siku nzima kuelekea kwa mchumba wangu, nami niliipenda.

Nikajiambia, kama jani hili linaifikisha miraa mbali ikiwa na uhai wake, litashindwaje kuikinga injini na baridi? Chuma kilikuwa bado kina moto wa safari. Nikakivika jani juu ya jani, nikabana kila upenyo, nikafunga kwa kamba za mgomba na mafundo ambayo baba yangu angejivunia, kisha nikatupia gunia juu. Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikaitazama. Ilipendeza. Ilikuwa ncoolo ya chuma. Nikaingia ndani nikalala nikiwa nimejiridhisha kabisa.

Kulipopambazuka, ukungu ulikuwa mzito hata mgomba wa nyuma ya jiko hauonekani. Nikaivua pikipiki majani yake, nikayatupa ukutani, nikafungua petroli. Nikavuta choki kama inavyotakiwa wakati wa baridi. Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga nyingine, na nyingine. Haikukohoa hata kwa adabu.

Wewe unaendesha, kwa hiyo utanielewa. Pikipiki inataka vitu vichache tu: petroli, hewa na cheche. Kimoja kikikosekana, hata uipigie magoti. Petroli ilikuwepo, niliisikia harufu yake. Lakini badala ya kutulia nikatafuta kinachokosekana, nikaendelea kupiga, choki bado nimeivuta, na kila kiki inamimina petroli nyingine ndani mpaka ikafurika. Hapo ndipo nyinyi vijana hujimaliza. Petroli ikizidi ni sawa na kukosa petroli. Nikafungua plagi, nikaikuta imelowa. Nikaipangusa kwa shati, nikairudisha. Ikakohoa mara moja, nikafurahi, ikanyamaza, nikakasirika. Nikapiga mpaka mguu ukaanza kutetemeka, na katika baridi ile jasho likanitiririka mgongoni.

Niliogopa, nakwambia wazi. Niliziona ndevu za Mzee Njeru. Niliwaona ndugu zake wameketi, kibuyu cha muratina, ile pombe ya posa, katikati, wakilitazama jua. Nilimwona Wawira akichemsha sindano maisha yake yote, na mtu mwingine akiingia na kasha la dawa, mtu asiye na vumbi. Kwa miguu tusingefika. Na pasi zetu zingekwisha jioni hiyo.

Barabara ilikuwa inateremka pale, kwenda kwenye mto Thuci. Nikamwita mjomba nikamwambia tuisukume itawaka kwenye mteremko.

Mjomba alitoka na blanketi lake, akautazama mteremko, akanitazama mimi. "Na tukifika chini isipowaka, nani ataipandisha? Mimi nimekuja kusema maneno. Sikuja kusukuma."

"Mjomba, saa zinakwenda."

"Saa zinakwenda hata ukiwa umetulia, Mutuma. Pumzisha huo mguu."

Akazunguka pikipiki kama anayenunua ng'ombe. Ndipo akayaona majani ukutani. Akaokota moja, maji yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Akaligeuza huku na huku.

"Hili lilikuwa wapi?"

Nikamwonyesha injini. Nilimweleza nilivyoifunga, na nilimweleza kwa majivuno kidogo, maana nilidhani atanisifu.

"Jani hili kwetu ni la kazi gani?" akaniuliza.

"La kufungia miraa."

"Kwa nini tunafungia miraa?"

"Isikauke," nikasema. Na nilipolisema neno hilo, nikalitazama lile jani mkononi mwake.

"Basi, umeisaidia pikipiki isikauke," mjomba akasema. "Na imekusikia."

Alicheka kwanza, nikwambie kweli. Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akakaa juu ya jiwe, akaniambia maneno ambayo nayabeba mpaka leo. "Mwana wa dada yangu, sikukemei kwa uvivu, maana hukuwa mvivu. Mafundo haya umeyafunga kwa mapenzi, hata miraa ya baba yako hujawahi kuifunga hivi. Lakini umeipenda pikipiki jinsi miraa inavyotaka kupendwa. Ulijua jambo moja zuri ukadhani linafaa kila mahali. Mimi sijui chochote juu ya chuma hiki, na ndiyo maana sikukigusa. Wewe unakijua. Kwa nini hukujiuliza chenyewe kinataka nini?"

Maneno yake yalinipa akili, kwa sababu kama majani yale yalikuwa yametoa jasho juu ya chuma cha moto, basi maji hayakuishia kwenye plagi. Nikaacha kupiga kiki. Nikafunga petroli. Nikatoa plagi nikamwomba yule mama wa zahanati aniwekee kando ya makaa, si ndani ya moto, ipate joto taratibu. Plagi ikiwa nje, nikaizungusha injini kwa mguu polepole, petroli iliyofurika itoke na ile oili nzito ya baridi ipate kuamka. Nikafuata waya kutoka kichwani mwa injini mpaka mwisho wake, wote ulikuwa na umande. Mwisho nikafungua kifuniko cha kile kisanduku kinachozalisha cheche. Ndani mna vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vilikuwa vimelowa kama uso wa mtoto aliyelia.

Nikahitaji kitambaa kikavu, na hapakuwa na kitu kikavu. Shati langu lilikuwa jasho tupu, gunia limenyonya ukungu, blanketi la mjomba lilikuwa na unyevu wa asubuhi. Mjomba aliniona ninavyohangaika. Akavua kofia. Ndani ya kofia alikuwa na kitambaa cheupe alichofungia tumbaku yake ya kunusa, na tumbaku ile aliipenda kuliko wajomba wengine wanavyopenda mbuzi. Akaifungua, akanusa alichoweza kunusa, akapiga chafya, iliyobaki akaimwaga chini. Akakikung'uta kitambaa akanipa.

Nikapangusa vile vyuma, nikapangusa waya, nikarudisha plagi ikiwa bado na moto hata inaunguza vidole. Nikafungua petroli. Choki nikaivuta kidogo tu. Mjomba akasimama kando yangu.

"Sasa piga kama mtu anayebisha hodi," akasema. "Si kama anayevunja mlango."

Nikabisha hodi. Ikaitika.

Kuku wa zahanati walikimbilia mgombani. Mjomba akapanda nyuma na ncoolo yake, na safari hii hakunifinya mbavu hata kwenye kona, ila nilimsikia akiomba. Tukateremka mpaka Thuci, tukapanda upande wa pili, tope likatupamba mpaka usoni. Vizuizi vilikuwepo, na kila mahali tuliposimama sikuzima injini. Nililitazama jua kuliko nilivyoitazama barabara.

Tulipopita lango la kijiji chao tukafika kwa Mzee Njeru, mlinzi alikuwa amesimama mlangoni akipima kivuli kwa macho. Wazee wawili walikuwa wamekwisha kuinuka, wanajikung'uta nguo. Kibuyu cha muratina hakijaguswa. Mzee Njeru alikuwa ameshika fimbo ya kuondokea. Alitutazama tulivyojaa tope, akaketi tena. Wale wawili nao wakaketi.

Muda uliobaki ulikuwa mdogo, lakini mjomba hakuharakisha salamu hata moja. Alipomaliza akaiweka ncoolo mbele ya Mzee Njeru. Akaifungua jani moja moja. Miraa ilikuwa mbichi, inang'aa, kana kwamba imevunjwa saa ile. Wazee wa Embu hawakuizoea desturi yetu, lakini kitu kilichotunzwa kinajulikana popote. Wakatikisa vichwa.

"Mmechelewa," Mzee Njeru akasema.

Mimi nilikuwa nimetayarisha uongo mzuri juu ya tope. Mjomba akanitangulia, akasimulia yote, majani, mafundo, gunia, ncoolo ya chuma. Wazee wakacheka mpaka mmoja akashikwa mgongo na mwenzake. Nilitamani ardhi ipasuke. Mzee Njeru peke yake hakucheka. Alinigeukia mimi.

"Kijana. Pikipiki ya watu nusura uiue kwa mapenzi. Huyu ni binti yangu. Yeye utamtunzaje?"

Mwanangu, nilikuwa na hotuba. Nilikuwa nimeikariri wiki nzima kule Laare, na tena njiani juu ya pikipiki. Ndani yake nilikuwa nasema kwamba binti wa Mzee Njeru hatachota maji, hatabeba kuni, na hatachemsha sindano ya mtu yeyote tena maisha yake yote. Atakaa nyumbani, nami nitamfunika kwa kila kilicho chema. Ilikuwa hotuba tamu. Nilifungua kinywa kuitoa, nikamwona mjomba anaangalia dari, kitambaa cheupe kilichojaa oili kimechomoza kwenye kofia yake.

Hotuba ikanitoka kichwani. "Baba," nikasema, "sijui. Nitamuuliza yeye."

Hata mlinzi mlangoni aliacha kutazama kivuli. Mzee Njeru akageuza kichwa kuelekea ukuta wa matete nyuma yake, ambako wanawake walikuwa wameketi.

"Wawira, umesikia?"

"Nimesikia," sauti ikajibu. "Aanze leo. Aniulize kama nataka kuacha kazi yangu ya zahanati."

Nikamuuliza pale pale, mbele ya wazee, kupitia ukutani. Akasema hataki. Nikasema, "Basi hutaiacha." Ndipo Mzee Njeru akacheka, ndevu zote zikatikisika, akamimina muratina kwa mkono wake mwenyewe, na saa nane ilipofika kila mzee alikuwa ameonja.

Miaka mingi baadaye, tukiwa na watoto, nilimsimulia Wawira ile hotuba niliyoisahau. Aliweka kikombe chini. Akaniambia kwamba sindano zile ndizo kitu cha kwanza maishani mwake alichokichagua mwenyewe, na kwamba siku ile, nyuma ya ukuta, alikuwa amejiapia kumkataa mwanamume yeyote atakayetaja kumwachisha, hata akija na ng'ombe wa kijiji kizima. Nilikaribia kumpoteza kwa maneno matamu, na kilichoniokoa ni jani lililolowa. Hapa Meru amechemsha sindano mpaka akastaafu. Nusu ya vijana wanaoendesha bodaboda hapa walilia mikononi mwake wakiwa watoto, na wengine mpaka leo wakimwona wanashika makalio.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa maana chai imeiva na ananiita. Mapenzi peke yake hayatoshi. Asikudanganye mtu. Mapenzi yasiyouliza yanaweza kulowesha kitu kilichotaka kukauka, na kukausha kilichotaka umande, na mwenye kupenda akabaki anashangaa mbona hakiwaki. Yule unayekwenda kumposa si mama yako, si dada yako, wala si wewe. Alichokipenda mama yako huenda kikamkaba yeye. Muulize. Kuuliza si ujinga. Na ukishamuuliza, usijibu wewe kwa niaba yake. Kisha muulize tena mwaka unaofuata, maana watu hubadilika, na jibu la mwaka jana hunyauka kama miraa ya juzi.

Na siku nyumba yako itakapokataa kuwaka asubuhi ya baridi, kwa maana itakataa, hata yetu ilikataa, usiongeze kiki. Usimimine maneno juu ya maneno mpaka yafurike. Funga petroli, kaa chini, tafuta palipolowa, upakaushe kwa kitu unachokithamini wewe, kama mjomba alivyotoa kitambaa chake. Kisha bisha hodi taratibu. Na kama mzee anakukemea huku anacheka, usinune, huyo anakupenda.

Haya, inama kidogo. Wazee wetu walibariki kwa kutema mate kifuani. Usikunje uso, ni kidogo tu, na ni ya mtu anayekutakia mema. Mwenyezi Mungu akufikishe kwa wakwe zako kabla jua halijageuka. Zawadi yako ifike mbichi. Njia ikufungukie, walinzi wakupishe, na mlango utakaoubisha uitikiwe na sauti unayoipenda. Upewe nyumba yenye joto, na masikio ya kumsikia aliye nyuma ya ukuta.

Sasa nenda. Lakini ukipita pale chini, mwambie kijana wa jirani atoe ile nailoni aliyoifungia injini jana jioni. Nimeiona kutoka dirishani. Mwambie pia nimecheka, lakini si kwa ubaya.